Kisigino cha Jani

Jumamosi, 4 Februari

Kuvu tena! Makopo mawili yameota manyoya ya kijivu, na harufu yake kama soksi iliyosahaulika ndani ya kiatu. Nimechomoa majani yaliyooza kwa kibano, pua nimeiziba. Yanateleza kama makamasi. Nyoo!

Dada Otilia anasema — huku anakula, hana hata haya — kwamba mjane mwenye mashine nzuri ya kufulia hapaswi kupanga makopo ya jeli juu yake na kufuga mimea inayokula nzi. Yeye hajui kitu. Naviita vinata, kwa sababu majani yake yananata na vinzi vinafia hapo hapo, miguu juu. Navizalisha jani kwa jani. Unalishika jani chini kabisa, karibu na mzizi, unalitikisa taratibu mpaka liachie lenyewe, na kisigino chake cheupe. Unalilaza juu ya mchanga, basi. Mtoto anaota pale kwenye kisigino. Jani lisilo na kisigino linaoza tu.

Jioni kaja Nabor, mchumba wangu, na tamale, ule unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda yake. Ndiye aliyeng'ata kile kitoto cha plastiki kinachofichwa ndani ya mkate wa sikukuu ya Wafalme Watatu, Januari, kwa hiyo zamu ya kulisha watu ni yake. Kachelewa, lakini kaleta. Kaniletea na kinata kikubwa, kizuri mno. Anasema amekizalisha mwenyewe kwa jani, nyumbani kwake. Kwake sijaingia bado, eti kumejaa mimea, hakuna pa kukanyaga. Pete yake nimeshavaa, na padri atasoma tangazo letu la kwanza la ndoa tarehe 19. Mimi, Herlinda, kwa umri huu! Nimeshaanza kupika chakula cha watu watatu bila kujijua.

Jumanne, 7 Februari

Sijala. Siwezi.

Nabor alikuja kunisaidia kupandikiza. Nikampa mmea, nikageuka kuchota maji ya mvua. Kugeuka tena — kashika mkasi wa jikoni! Anakata majani katikati, kwap, kwap, kama anakatia saladi. Halafu anayachomeka mchangani yamesimama wima.

Mwanaume huyu ana meza nzima ya vinata kila Jumapili sokoni. Vyote, anasema, vya jani.

Nikamwambia hayo yataoza. Akacheka, akasema kila mtu na mkono wake. Nikautazama huo mkono. Chini ya kucha kuna unga mweupe wa mawe, umegandamana na ukoga wa kijani. Na mkono huo huo ukaingia kwenye sahani ya tortila zangu, chapati zangu za mahindi.

Jumatano, 8 Februari

Nimekipindua kile kinata cha zawadi. Mizizi imekumbatia bonge la chokaa. Konokono mzima, hai, akanitolea pembe. Kwenye majani kuna bawa la kipepeo na sisimizi wekundu. Jikoni kwangu hakuna sisimizi wekundu. Hiki hakijazaliwa kwenye kopo la mtu. Kimebanduliwa gengeni, kwenye ule ukuta wa mwamba wa chokaa.

Otilia anasema labda ni hicho kimoja tu. Nimetaka sana kuamini. Nikapindua na vile vingine alivyoniletea tangu Krismasi. Chokaa. Chokaa. Chokaa.

Jumapili, 12 Februari

Nimemfuata sokoni. Nikajibanza nyuma ya muuza nyama ya kondoo, mvuke wa mafuta wote usoni kwangu. Mteja, mwanamke wa mjini mwenye kofia, alimuuliza kama mimea hii haikutoka porini. Nabor akatoa simu. Akamwonyesha picha, akamwambia hili ndilo shamba lake dogo la nyumbani, majani anayalaza mwenyewe, watoto ndio hao wanachipua.

Nikanyoosha shingo. Mashine yangu ya kufulia! Makopo yangu ya jeli! Na juu yake, kwenye kamba, chupi za Otilia, zile za maua ya zambarau. Hakujisumbua hata kuzitoa.



Mteja alipoondoka nikasimama mbele ya Nabor. Hakushtuka! Angeshtuka ningemhurumia.

"Genge halina mwenyewe, Linda," alisema, ndivyo anavyolikata jina langu. "Wewe jani moja unalisubiri mpaka unaota mvi. Wateja hawasubiri."

"Na picha?"

"Watu siku hizi wanataka kuona watoto wachanga. Mimi sina, wewe unao. Tukishaoana ni vyetu wote. Shida iko wapi?"

Akalamba mafuta ya kondoo kwenye kidole gumba.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimeoga mara mbili.

Jumanne, 14 Februari

Ameleta waridi. Mbuzi wa jirani amekula.

Otilia anamtetea! Mume anayeiba majani si mbaya, anasema, wa kwake yeye aliuza cherehani yake akanywea pombe. Halafu kwa sauti ya chini akaongeza kwamba atakapokufa yeye, mimi nitabaki na nani humu ndani.

Alhamisi, 16 Februari

Tumekwenda gengeni, Otilia akihema na kulaani mawe. Nakumbuka ukuta ule ukiwa umefunikwa, mwezi kama huu, majani madogo yamejibana kama vifungo. Leo ni jiwe tupu. Makovu ya kisu kila mahali. Yaliyomshinda kubandua kayaponda, yamekauka ukutani kama makohozi. Otilia akatema mate, akajifuta mdomo kwa ncha ya shali. Njia nzima ya kurudi hakumtetea mtu.

Jumapili, 19 Februari

Tangazo limesomwa. Watu walipiga makofi, nami nikasimama pale kama kinyago. Nilikuwa nimepanga kumwona padri kabla ya misa, asilisome. Nabor alinisubiri mlangoni, akanishika kiwiko mpaka kitini.

Si hilo tu. Kumbe amealika chama kizima cha wapenda mimea, kwangu, bila kuniuliza! Chamani wananong'ona kwamba kuna mtu anamaliza genge, na yeye anataka wajionee "shamba letu". Sasa hivi wako sebuleni wanakunywa kahawa. Bi Eduwiges, mwenyekiti, amezunguka makopo yangu moja moja, ameinama, amenusa. Kisha akanigeukia mbele ya wote: "Herlinda, hii yote ni kazi ya mikono ya Nabor?"

Mkono wa Nabor ulikuwa begani kwangu. Una joto, una unyevu. Nilihisi jasho lake likipenya blauzi.

Nikasema nakuja. Nimejifungia bafuni, naandika nimekaa kwenye ukingo wa beseni.

Namsikia anajibu kwa niaba yangu. Anasema mimi ni mwenye haya. Wanacheka! Otilia hacheki, nasikia anaweka vikombe mezani kwa kishindo.

Anagonga. "Linda, toka basi, mama. Useme neno moja tu, waondoke."

Neno moja tu. Ninalo: hapana.

Lakini kwanza pete. Sitaki kulisema nikiwa nayo. Kidole kimevimba, haitoki. Nimepaka sabuni. Nimepaka tena. Imefika kwenye kifundo, ngozi imejikunja, inauma kweli.

Anagonga tena.