Chumba cha Mzazi Kimejaa Farasi wa Baharini

Dada Mshauri,

Naandika kutoka Qurus. Mimi Mama Eva sijambo, mguu tu unasumbua wakati wa baridi, Baba Eva hajambo, mama yake Bibi Antonia hajambo ila masikio, Julius wangu wa mwisho hajambo yuko shamba, Selina wangu wa kati hajambo, ng'ombe na ndama wake wazima, na Eva mwenyewe aliyejifungua mtoto wa kike Arusha kwa shangazi yake hajambo, mtoto ananyonya vizuri. Hofu ni kwako na wenzako wa gazeti.

Sasa dada nisaidie, nimebanwa na sina pa kusemea, shule yangu ni darasa la nne tu, nikikosea herufi nisamehe. Mume wangu Qamara alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye hoteli moja ya watalii huku Karatu, kazi yake kulitunza tangi la kioo la samaki pale mapokezi, alipostaafu wakampa tangi lenyewe na farasi wa baharini wawili, dume na jike, ni samaki wadogo tu wenye kichwa cha farasi na mkia wa kujikunja, nakueleza maana jirani yetu Tluway aliposikia farasi wa Qamara wanakaribia kuzaa alikuja na mzigo wa majani kichwani. Basi tumbo la yule dume likavimba, mimi nikasema huyu amejaa gesi kama ng'ombe, mnyweshe mafuta, Baba Eva akacheka, "Mama Eva, huyu ana mimba." Dume, dada! Na kweli akazaa yeye dume, watoto zaidi ya mia mbili, wembamba kama nyuzi.

Tangu hapo mume sina. Anaangua vidudu vya maji ya chumvi kwenye chupa za soda, anawalisha mara sita kwa siku, anawaita "wanangu", na mimi nimemzalia watatu hakumshika hata mmoja mpaka aote meno. Na tangi liko chumba cha nyuma chenye umeme, ndicho nilichomwandalia Eva aje nimlee uzazi, samli ipo, unga wa uji upo. Nikisema ahamishe anajibu, "Ukiwatikisa wanakufa, subiri mwezi na nusu." Mama mkwe wa Eva kule Kansay ameshatuma neno kwamba kwake nafasi ipo, na Eva anaondoka Arusha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yaani mjukuu wangu wa kwanza aogeshwe na mikono mingine.

Ningefoka, ila kuna jambo. Jumapili moja nilichomoa waya wa pampu ya hewa nipige pasi sare yangu ya kwaya, nikasahau kuurudisha, nikaenda kanisani mpaka saa saba, niliporudi nikauchomeka kabla Baba Eva hajafika. Wamekufa thelathini na mmoja. Baba Eva alilia machozi, akasema umeme umetuponza, nami nikaitikia ndiyo, ulikatika. Sasa kila nikitaka kudai chumba ulimi unakuwa mzito. Nijibu haraka dada, Jumamosi haiko mbali.

Mama Eva, Qurus

MSHAURI ANAJIBU:

Mama Eva, hongera kwa mjukuu, na pole kwa wivu. Usinune. Sare ya kwaya hupigwa pasi dakika kumi, na waya hurudi ukutani kwa sekunde moja. Sisemi ulikusudia, nasema ulikuwa umechoka kuwasikia hao "wanangu". Ningekuwa mimi, baada ya kulea watatu peke yangu, ningechoka pia. Lakini kumwacha mwenzio aulaumu umeme huku unaitikia, hapo umekosea, mama.

Mwambie leo. Usianze na habari za mguu wala za baridi. Sema, "Baba Eva, ni mimi niliyechomoa." Atanuna siku mbili tatu. Mwache anune, amefiwa.

Kisha dai haki yako, ila usidai kile chumba. Qamara hajakudanganya, vitoto vile vikitikiswa vitakwisha. Nyumba yako ina chumba kingine chenye kitanda kikubwa, na unakijua vizuri. Eva na mtoto walale humo pamoja nawe. Mzee abebe godoro lake akalale chumba cha nyuma na yule dume, wakapeane uzoefu. Na asikwambie kulea hajui: anayepima joto la maji ya samaki kila asubuhi ataweza kupima ya kumwogesha mjukuu. Mpe beseni, toka nje, usimsimamie.

Ukimaliza, mpigie mama mkwe wa Eva, mshukuru kwa moyo wake, mwambie mzazi anakuja Qurus na kitanda kimeshatandikwa. Ukikata simu, nenda ukakitandike.