Sufuria Moja ya Shule Yetu

Mpendwa baba,

Sijakuandikia tangu tukuzike, na hata leo nisingekuandikia kama wazazi wenzangu wasingeniudhi. Wanataka kugawa sufuria ya shule: watoto wa wakulima wapikiwe yao, wa wafugaji wajitafutie. Nimeona nikwambie wewe kwanza, maana jambo hili ulilianzisha wewe, kisha ukatuachia.

Unakumbuka mwaka ule sekondari yetu ya kata, hapa pembezoni mwa mji wa Kilosa, ilipoanza kupika chakula cha mchana? Kila mzazi alitakiwa alete mahindi na maharage. Wewe ulikuwa mwenyekiti wa wazazi, nami nipo kidato cha pili, nikiona aibu kila uliposimama kusema, kwa sababu kukaa ulikuwa hujui. Mzee Lemburisi, mfugaji, akatokea njia ya Rudewa, hana hata debe la mahindi, anaswaga maksai wawili. Akawafunga kwenye mlingoti wa bendera, akasema, "Mchango wangu ndio huu."

Mkuu wa shule alibaki ameshika kalamu. Wapo waliosema wauzwe, wapo waliotaka wachinjwe siku hiyohiyo tule tumalize. Wewe ukawazunguka, ukawapapasa shingo, ukasema, "Hawa watatuletea maji." Wiki ile ukawachongea nira, na tangu hapo mapipa ya maji ya jikoni yakawa yanakokotwa kutoka mto Mkondoa, sisi wanafunzi tukapumzika na ndoo. Nilijivunia wewe kupita kiasi, ingawa nyumbani nilinuna.

Ukapanga na zamu za kupika: mama mmoja wa jembe, mmoja wa fimbo. Mama akalalamika kwamba mwenzake hajui kusonga ugali. "Basi mfundishe," ukamwambia, "naye akufundishe kutulia." Jioni ile ulilala bila kula, na ulistahili.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Msimu huu ng'ombe wameingia mashambani. Lile shamba la bondeni ulilonirithisha limeliwa mpaka mabua. Nililia, baba, sikufichi, na hasira ninayo hadi sasa. Nimefungua shauri baraza la kata na nitalifuata mpaka mwisho.

Lakini leo kwenye kikao cha wazazi Mama Shabani, jirani yetu, aliinuka akasema, "Mashamba wameyamaliza, halafu watoto wao tuwalishe sisi?" Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa alikaa Nasieku, mkwe wa Mzee Lemburisi, ambaye ndiye mwenzangu wa zamu. Nilimwona anajifunga shuka vizuri, anataka kuondoka.

Nikasimama. "Shamba lililoliwa kuliko yote ni langu," nikawaambia. "Kesi yangu ni na mwenye ng'ombe, na ipo barazani. Mtoto wake siku ile hakuwa anachunga. Alikuwa darasani, dawati moja na mwanangu. Mkimnyima chakula atarudi machungani. Haya, msimu ujao mnataka tuelewane na nani, na huyu aliyesoma na watoto wetu, au na yule tuliyemfukuza na njaa?"

Hawakunipigia makofi. Mwenyekiti akasema uamuzi usubiri kikao kijacho, na Mama Shabani akapita mbele yangu kama hanijui. Inauma, baba. Nimezoea kugombana na mtu mmoja mmoja, si na mtaa mzima. Hata hivyo sirudi nyuma. Wewe ulikuwa na maksai wawili wa kuwaonyesha watu; mimi sina cha kuwaonyesha ila msimamo wangu, na huo hawauhamishi.

Nasieku alinifuata nje. "Dada, kesho ni zamu yetu. Nije?"

"Uje mapema," nikamjibu. "Kuni ni mbichi."

Nakuaga hapa, baba, ulale salama. Maharage bado sijayachagua, na nikimaliza nayaloweka yote chombo kimoja. Atakayekuja na sufuria ya pili, aje na mpishi wake.

Mimi,
Kifungua mimba wako