Gari Lisilo na Klachi

Kwa Baba, uliyelala kijijini Mamba,

Nimenunua gari. Naanza na hilo kwa sababu hukuwahi kuvumilia salamu ndefu. Mtu akianza kukuuliza habari za watoto, za shamba na za mifugo, ulimkatisha ukamuuliza amekuja na shida gani. Basi shida yangu ndiyo hiyo. Ni gari dogo, kuukuu, jeupe lililofubaa, na ni la otomatiki. Najua umeshageuza uso. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana safari hii huwezi kuondoka ukaenda kuangalia matairi.

Unakumbuka mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne, ulipoamua kutufundisha udereva mimi na kaka Deo? Mavuno yalikuwa yamekwisha. Ulilileta lori kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, ukawafukuza kuku, ukampa Deo usukani. Jioni yake alikuwa anazunguka peke yake huku akipiga honi bila sababu. Kesho yake ikawa zamu yangu. Mguu wangu wa kushoto, huu uliosinyaa tangu nilipougua nikiwa mdogo, haukuweza kuikanyaga klachi mpaka chini. Nikausaidia kwa mkono. Lori likaruka, likazima. Likaruka tena, likazima tena. Wanawake waliokuwa wanapepeta mpunga waliziweka chini nyungo zao wakatutazama. Mara ya tano ulinyoosha mkono ukachomoa ufunguo, ukasema taratibu, "Shuka, mama. Wewe utapakiwa tu."

Hukusema kwa ukali. Ungenifokea, ningekuwa nimeshasahau. Ulisema kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa jambo lisilo na dawa, na mimi nikaamini kwa zaidi ya miaka ishirini. Magari ya otomatiki yalipoanza kuonekana Mpanda, nilikuuliza siku moja kama mtu mwenye mguu kama wangu anaweza kuyaendesha. Ulicheka, ukasema anayeendesha gari la namna hiyo ni abiria aliyeshikishwa usukani. Sikukuuliza tena.

Kilichonisukuma si ubishi, Baba. Ni macho ya Mama. Tangu uondoke anatakiwa kwenda kliniki ya macho Mpanda kila baada ya muda, na Deo yuko Kigoma na familia yake. Mama akawa anatoka Mamba kwa basi likipatikana, na lisipopatikana anapanda pikipiki. Masika yaliyopita pikipiki iliteleza kwenye tope, akavunjika kifundo cha mkono. Nilikuwa darasani hapa Sitalike nikifundisha walipokuja kuniambia. Nilimkuta ameketi kwenye benchi la zahanati, mkono umefungwa, ananiomba radhi kwa kunisumbua. Hapo ndipo nilipochoka kupakiwa.

Gari nimelipata Mpanda kwa muuguzi mmoja aliyekuwa anahama mkoa. Lilikuwa limekaa chini ya turubai zaidi ya mwaka. Silingi, kile kitambaa cha dari, imening'inia, viti vimetafunwa na panya, sakafu upande wa dereva ina kutu hadi unaiona ardhi. Nilimpelekea Kasimu. Ndiyo, Kasimu yuleyule aliyekuwa utingo wako, sasa ni fundi mwenye gereji yake na kitambi chake. Alilizunguka mara mbili, akabonyeza bodi hapa na pale, akaniambia injini ni nzima, kilichobaki ni uvumilivu.

Akaziba sakafu kwa bati, akabadilisha shokapu na bush zote za mbele, vile vipira vinavyozuia vyuma kugongana, akalinyanyua kidogo lisigonge mawe ya njia zetu. Viti nilivishonesha kwa fundi wa makochi. Kila Jumamosi nilikwenda kusimama pale gereji, na Kasimu akawa ananung'unika kwamba ananiona mimi lakini anasikia pumzi yako shingoni mwake. Ulikuwa husogei mpaka boliti ya mwisho ikazwe mbele ya macho yako. Hilo nimelirithi, sina la kufanya.

Tulikorofishana siku ya kumwaga oili ya giaboksi. Kasimu alikuwa na galoni ya oili ya malori mkononi, tayari kumimina. Nikamzuia. Muuguzi alikuwa ameniandikia kwenye karatasi aina ya oili inayotakiwa, na haikuwa ile. Kasimu akasema nyie walimu mnasoma sana, oili ni oili, na marehemu Mzee alitumia hiyohiyo miaka yote. Nikamwambia Mzee hakuwa na otomatiki. Gari likakaa juu ya mawe wiki nzima tukisubiri oili yake iletwe na basi kutoka Mbeya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukukatalia jambo linalohusu gari, na niligeuka kutazama nyuma ingawa hukuwepo.

Usidhani nilijua kila kitu. Nilipokwisha kujifunza na kupata leseni, nililileta gari Sitalike, na siku ya tatu tu nikasahau kuzima taa. Asubuhi betri haina kitu. Nikafanya ulichonifundisha: nikaita watu wasukume. Sisi wanao si tumekua tukilisukuma lori lako kila alfajiri, Mama akisukuma pamoja nasi? Walikuja wanaume saba kutoka kwenye mgahawa, na mwalimu wa hisabati na tai yake. Walisukuma hadi karibu na daraja, jasho linawatiririka, wote wananielekeza niachie klachi. Ningeachia nini? Nilikuwa nimeshika usukani nasubiri muujiza. Dereva mmoja wa lori la mahindi akasimama, akachungulia ndani, akajiegemeza mlangoni kwa kicheko. Alipopata sauti akasema, "Mwalimu, hili ni otomatiki, hata mkilisukuma mpaka Mpanda haliwaki." Akaunganisha nyaya kutoka kwenye betri yake, likawaka.

Nilicheka nao. Lakini nimelifikiria sana jambo lile. Karibu kila ninachokijua kuhusu magari nilikipata kwako, nikiwa nimekaa pembeni yako nasikiliza. Nikisikia bush imeisha, ni sikio lako. Nikinusa mkanda unaoungua, ni pua yako. Na baadhi ya uliyonipa yalikuwa ya lori lako, hayanifai mimi, na hukuwa na namna ya kujua. Nimekukasirikia miaka mingi kwa neno moja. Sasa naona ulikuwa unajua gari la aina moja tu, na ukadhani hayapo mengine. Bado liliniuma, Baba. Sitaki kukudanganya.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Siku ya kliniki nilifika Mamba mapema, nikamfungulia mlango, akabaki amesimama uani na kikapu chake. Akasema atasubiri pikipiki. Nikamuuliza kwa nini, akaangalia chini.

"Baba yako alishasema."

Miaka minne tangu tukuzike, Baba, na bado wewe ndiye ulikuwa unaamua nani aendeshe nyumba hii. Nilitaka kuudhika, nikamwonea huruma. Nikamwambia ulisema kuhusu klachi, na humu hakuna klachi, aje aangalie mwenyewe. Akaja. Akainama, akazihesabu pedali kwa kidole, moja, mbili, kwa yale macho yake yasiyoona vizuri. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakipakata kikapu.

Tulipoingia mbugani nikafunga vioo kwa ajili ya mbung'o. Nilizungumza mfululizo ili asiogope, nikamweleza habari za shule, za Kasimu na kitambi chake, mpaka nikagundua nimesimulia muda mrefu na yeye hajaitikia hata mara moja. Nikatazama kwenye kioo.

Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea dirishani, mdomo wazi, kikapu kimeanguka miguuni na hana habari. Baba, katika miaka yote ya lori lako hakuwahi kufumba jicho. Alikaa nyuma yako akikanyaga breki isiyokuwepo kwa miguu yake mwenyewe, safari nzima, na wewe ulikuwa unamcheka.

Nikapunguza mwendo, nisimwamshe.

Pumzika, Baba. Tulifika salama.

Ni mimi, binti yako,
dereva wa Mama.