Ngazi ya Uani

Mama,

Shikamoo. Miguu yangu bado ina maji ya slabu na sijala tangu asubuhi, lakini nikikaa kula nitasinzia, na habari hii haingoji. Nyumba yako ya Mtopanga ina ghorofa, Mama! Slabu, ile sakafu ya zege ya juu, tuliimwaga majuma kadhaa yaliyopita, tukawa tunainywesha maji asubuhi na jioni kama mgonjwa, na leo fundi ameniruhusu nipande. Nimepanda. Mimi Kadzo, binti yako, nimesimama juu ya chumba chako cha kulala.

Najua utauliza kwanza, "Na mwenye ardhi je?" Hayupo tena. Ulituachia nyumba ikiwa yetu na ardhi ikiwa ya mtu mwingine, kama majirani wengi huku, tukimlipa kodi ya kiwanja na kumwogopa karani wake. Baada ya matanga yako, yale mazungumzo naye yaliyozunguka miaka nenda miaka rudi yakafika mwisho: tuliuziwa kiwanja, hati ikatoka kwa jina langu na la ndugu yangu Charo. Nililia nje ya ofisi ya ardhi mpaka mlinzi akanipa pole, akidhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa, ila leo silii kwa hilo.

Unamkumbuka yule karani na jicho lake? Udongo na fito, alisema, sawa. Mawe, hapana. Ghorofa, hata usitaje. Nawe ukajenga ukuta wa mawe kwa ndani, nyuma ya ule wa udongo, chumba baada ya chumba, mpaka siku ulipobandua udongo nyumba ikajitokeza imesimama kwa mawe. Karani akabaki mdomo wazi. Ukamwambia, "Ni plasta tu, baba." Na ile ngazi yako! Vidato vinne uani, vimeegemea ukuta, vinaishia hewani. Alipouliza ni vya nini ukasema ni vya kuanikia vyombo. Basi tukaanika vyombo. Nilidhani ndiyo kazi yake kweli, hadi jioni moja nilipokukuta umekaa kidato cha juu kabisa, umeinua uso, ukaniambia, "Kadzo, huku juu kutakuwa na upepo." Sikukuelewa. Nilikuwa na njaa, nikakuuliza kama wali umeiva.

Sasa nikupe ya Charo. Huyu mwanao aliyeko Ohio, Amerika, amenitoa jasho! Hati ina majina mawili, kwa hivyo bila yeye kukubali sikuweza kuchimba hata shimo. Mimi nilitaka chini pabaki vilevile, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua wa kupikia, na wapangaji wetu wa siku zote. Juu tuongeze vyumba vingine. Kaunti nayo haikatai ghorofa hapa kwetu siku hizi. Charo akatuma ramani yake. Nyumba moja kubwa ya familia moja, katikati ya kiwanja, geti, na nyasi mbele. Nyasi, Mama! Mtopanga hii hii, ambako maji ya mfereji tunayangoja kama mgeni wa heshima. Na nyasi zenyewe kazichora pale pale barazani, mpangaji wetu Bi Riziki anapokaangia viazi vyake.

Nikamuuliza, Bi Riziki aende wapi? Chumba alichoingia akiwa bi harusi ndimo alimozeekea. Ndiye aliyekulisha uji kwa kijiko ulipokuwa huwezi kuinua mkono. Charo akasema wapangaji watapata kwingine, mtaa wa Mjambere vyumba ni tele, na kwamba nyumba ya watu wengi inashusha hadhi. Nikamkatia simu. Tukanuniana miezi. Kiwanja ni chetu, na hakuna jiwe linaloinuka.

Kisha siku moja nikamkuta Bi Riziki anafunga vyombo vyake kwenye magunia, taratibu, bila kelele. Akaniambia, "Wallahi, mwanangu, sitaki nikukosanishe na nduguyo. Mlizaliwa wawili tu." Mama, siku hiyo nilitamani uwe hai hata kwa saa moja, uje umfinye Charo sikio.

Ikawa Amerika ndiyo iliyomfinya. Hukujua, kwa sababu hakutaka ujue, lakini Charo kule anakaa chumba cha chini ya nyumba, kidirisha kiko juu kabisa ukutani, anaona viatu vya wapita njia na theluji tu. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane, mwenye uwanja mkubwa nyuma, na kwa huruma akataka kumjengea Charo kijumba huko, naye apate jua. Hawezi. Sheria ya mtaa wao inasema kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja, hata kama uwanja wako unatosha kuchezea mpira. Mji ukataka kuilegeza sheria hiyo, maana watu hawana pa kukaa, na wakazi wakaitwa mkutanoni. Charo akamsindikiza yule bibi. Majirani wakasimama mmoja baada ya mwingine. Watu watazidi. Magari yatajaa. Hadhi ya mtaa itashuka. Mmoja akasema hao wapangaji watapata kwingine.

Charo akanipigia. Akasema, "Dada, yalikuwa maneno yangu yale. Kayasema mzungu, lakini yalikuwa yangu." Nikasikia anavuta kamasi. Kisha akasema, "Jenga juu. Bi Riziki asitoke." Sheria yao bado wanaivuta huku na huku. Kazi yetu sisi, Mama, tuliianza Jumatatu iliyofuata!

Usikasirike, lakini kuta zako hazingebeba ghorofa. Mhandisi alizigonga, akatikisa kichwa. Tumesimamisha nguzo mpya za zege, tukabomoa upande mmoja wapangaji wote wakibanana upande wa pili, kisha tukageuza. Vilikuwa vituko! Watu waligombana kwa sababu ya jiko, sufuria, kandambili. Hakuna aliyehama. Tumechimba shimo la choo kubwa zaidi na kuweka tangi la maji, kwa sababu kuongeza watu bila kuongeza choo ni kutafuta kipindupindu. Nyundo ilipofika chumbani kwako nilitoka nje, sikuweza kutazama.

Mhandisi alitaka kuviondoa na vile vidato vya uani. Akaniuliza ni takataka gani ile. Nikamwambia ni ngazi. Akaniangalia, akatoa tepu, akapima, akapima tena. Akasema vina mwinuko kidogo lakini vinafaa, akavivika zege jipya na kuendelea kutoka pale ulipoachia wewe.

Leo nimepanda na Bi Riziki, nimemshika mkono. Maisha yake yote hajawahi kukaa ghorofani. Alisimama kila kidato akipumua na kunisuta kwamba namuua. Kumbe tulipofika juu ndiye aliyekataa kushuka! Ameshachagua mahali litakapowekwa dirisha, na akasema chumba anabaki na chake cha chini, lakini dirisha lile ni lake inshallah, awe anakuja kukaa. Nikamwambia sawa. Nani atabishana naye?

Nakuahidi mambo haya, Mama. Hatapandishiwa yeyote uliyemwacha humu kodi ya kumfukuza. Ua hautajengwa, utabaki wa kupikia na kugombana. Na Charo akija Desemba, analala juu, dirisha wazi, afidie lile jua alilokosa.

Nimekukumbuka leo hadi kifua kimeuma, na bado nacheka. Pumzika, mamangu. Nilikaa kidato cha juu kabisa baada ya Bi Riziki kushuka, nikainua uso kama wewe.

Kuna upepo, Mama. Mwingi.

Binti yako,
Kadzo