Santuri Inapokwama, Tunakusubiri

Mwaka umetimia, Baba, tangu uweke mkasi mezani, useme unakwenda kujinyoosha kidogo, na usiamke tena. Futi ilikuwa bado shingoni mwako. Koti la mwalimu mkuu lilibaki na mkono mmoja, na hadi leo hajaja kulidai. Tunadhani anaogopa.

Ulikuwa fundi cherehani usiyetazama saa. Kazi uliipima kwa santuri za wale Waingereza wako wanne, bendi uliyoipenda tangu ujana. "Damu ni nzito kuliko maji," mdogo wako alizoea kulalamika, "lakini kwa kaka yangu si nzito kuliko gitaa." Kukunja pindo la suruali kulikuwa upande mmoja wa albamu. Koti lilikuwa pande zote mbili. Mteja akichungulia mlangoni hakuuliza lini, aliuliza, "Suti yangu imefika wimbo gani, fundi?" Nawe ulimjibu bila kucheka, "Bado wanapiga ngoma. Njoo wakiingia gitaa."

Kiingereza chako cha kuimbia hakikuwa cha Mwingereza wala cha mtu yeyote tunayemjua. Ulikiimba hivyo hivyo, pini mdomoni, na hukumeza hata moja.

Albamu zao ulizipa vyeo. Ya tatu ilikuwa ile yenye jalada jekundu, ya kazi nyepesi, vifungo na viraka. Ya pili ilikuwa ile ya santuri mbili, ambayo haikutoka jaladani ila kwa suti za harusi, maana ulisema bwana harusi hashonewi mbiombio. Ya kwanza ilikuwa ile ya zamani yenye jalada la kijivu, wote wanne wamesimama ngazini wamenuna. Mashabiki wenzako walikushangaa, kwa kuwa wao hiyo waliiweka mkiani.

Sisi wa nyumbani tulijua sababu. Haikuwa ya kwanza mpaka siku ile Mama, mmeoana juzi tu, alipoifuta vumbi na pete yake ikaikwaruza. Alilia. Ukaiweka kwenye gramafoni, sindano ikakwama katikati ya wimbo wa mwisho, ukacheka. "Nyamaza, mke wangu," ukamwambia. "Zile nyingine kila mtu anazo. Hii ni yetu wawili tu."

Gramafoni ilikaa sebuleni, wewe chumba cha kushonea, mlango wazi, na mbao za sakafu zilipita chini ya vyumba vyote viwili. Wimbo ulipofika pale na kurudia neno lile lile kama mtoto aliyenyimwa kitu, uliinua mguu kutoka kwenye cherehani ukaukanyaga ubao ulio kando yako: dii! Sindano ikaruka, wimbo ukaendelea, na macho yako hayajatoka kwenye kitambaa. Tulikua tukidhani ile dii ni sehemu ya wimbo. Dada, mzaliwa wako wa kwanza, alipousikia wimbo huo redioni alisema Waingereza wamesahau kitu.

Baada ya mazishi tuliiweka santuri hiyo ili Mama afarijike. Hakuna aliyeukumbuka mkwaruzo. Chumba chako kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mama. Sindano ikakwama. Neno likarudia, likarudia. Tukatazamana, kila mtu akingoja mwenzake ainuke. Kisha, nyuma ya mlango uliofungwa: dii. Wimbo ukaendelea.

Baba Mdogo aliangusha kikombe. Kaka akasema ni joto tu, mbao hutanuka. Akamwita seremala, na Mama akafungua mlango kwa shingo upande. Seremala akapiga magoti, akaupapasa ubao wako. "Mzima kabisa huu," akasema. Kisha akaurudisha mkono haraka. "Lakini hapa pa kisigino pana joto." Chai yake hakuimaliza.

Hofu tungeizoea, Baba. Lililotuumiza ni Mama. Aliufunga mlango tena akatukataza kugusa kitasa. "Msimbughudhi," alisema. "Yuko kazini." Akawa anaamka na santuri hiyo, ikiisha anaianza upya, ameketi mbele ya mlango wako na chakula kinapoa mapajani. Dada alitaka akakae kwake, akakataa. Shemeji akatafuta albamu ile ile, mpya, isiyo na mkwaruzo. Mama aliisikiliza hadi mwisho, chumbani kwako kimya, akamrudishia. "Hawa siwajui," akasema. Magauni uliyomshonea yakaanza kumpwaya. Tuliogopa kwamba tutazika wa pili kabla kaburi la kwanza halijaota nyasi. Tulikupenda, na tulikukasirikia pia. Kitinda mimba wako alisimama mlangoni akakwambia kwa sauti, "Baba, mwachie Mama."

Jumapili iliyopita tulikusanyika kwa ajili ya mwaka wako. Mama aliiweka santuri mwenyewe. Ilipokwama, akaugeukia mlango akitabasamu, kama anayengoja mzaha anaoujua. Hakuna kitu. Neno likarudia. Tabasamu likamtoka. Neno likaendelea kurudia mpaka Dada akaziba masikio.

"Fundi," Mama akaita. "Fundi, imekwama."

Neno likarudia tu.

Ndipo alipoinuka. Akatoa ufunguo, akafungua, akapita kando ya lile koti la mkono mmoja, akasimama penye ubao wako. Akainua mguu wake uliokonda, akakanyaga. Sindano ikaruka, na wimbo ukaenda hadi mwisho.

Sote tulikuwa tunamtazama. Mama alikanyaga mara moja tu. Tulisikia mara mbili.

Hakugeuka nyuma. "Umechelewa leo, fundi," akasema. Akauacha mlango wazi, akaja mezani, akauliza kama chakula chote ndicho hicho.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye sasa anakula. Dada na Shemeji. Kaka, ambaye bado anasema ni joto. Kitinda mimba wako, anayekushukuru. Na Baba Mdogo, ambaye siku hizi hunywa chai yake uani. Koti la mwalimu mkuu Mama ameanza kulitia mkono wa pili, mlango wazi. Santuri hatuibadilishi. Utakumbukwa daima katika nyumba hii, Baba, kila inapokwama.