Kaka Yangu Anataka Nicheze na Moto wa Petroli

Mpendwa Mama Lupe wa redioni,

Naomba unisikilize, kwa sababu hili sijamwambia mtu, hata mdogo wangu tunayelala naye mkeka mmoja: kila nikimaliza kufua, huenda nyuma ya jiko letu la mawe ya moto, tunamofukia nguruwe wa sherehe, nikazungusha mpini wa ufagio mpaka vidole vinauma, na mimi ninayejificha maktaba wakati wa mapumziko najiona mtu mwingine kabisa, na siku moja binamu yangu Ielemia, ambaye kwetu ni kaka, alinifuma, lakini badala ya kunicheka akanipa fimbo yake ya siva afi, ngoma yetu ya kuzungusha moto, ile yenye tambi za kuwasha pande zote mbili, akanifundisha, na sasa Ijumaa nitacheza na moto kwenye sherehe ya shule na bibi anavuka kwa feri kutoka kisiwa cha Savai'i kunitazama.

Tatizo ni kwamba Ielemia anataka tutumie petroli. Anasema, "Mafuta ya taa ni ya kuchemshia chai, dada. Unataka watu waone moto au moshi?" Bibi naye ameapa kunipaka mafuta ya nazi mpaka ncha za vidole, maana mchezaji asiyeng'aa ni kama samaki wa juzi. Naogopa kuungua, lakini naogopa zaidi kumvunjia heshima mwalimu wangu. Nifanyeje?

Sieni

Sieni mwanangu,

Nimecheka, kisha nimekasirika. Vitabu vyote hivyo, na neno "hapana" hujalikuta?

Petroli haina adabu. Mvuke wake hudaka moto kabla hujajiweka sawa. Tumia mafuta ya taa safi, usiyachanganye na kitu. Chovya tambi, ziache zichuruzike, kisha zungusha fimbo pembeni, mbali na watu, matone yaliyobaki yatoke, ndipo uwashe. Dumu lifungwe, likae mbali. Vaa pamba, funga nywele. Mtu mzima asimame karibu na taulo bichi lililokamuliwa. Mafuta ya nazi? Viganja vikavu kabisa, bibi apende asipende.

Na umesahau wewe ni nani? Kwetu dada ni mboni ya jicho la kaka yake, lazima amlinde. Mwambie Ielemia unaogopa, kisha unyamaze. Akibisha, usicheze.

Mama Lupe

Mama Lupe,

Bibi alipofika, nilimwambia Ielemia mbele yake. Ielemia alitazama chini, akabeba dumu la petroli akalirudisha kwenye mashua ya mjomba.

"Basi taulo nashika mimi," akasema. "Ukiungua, bibi atanifukia kwenye mawe pamoja na nguruwe."

"Na sitakutoa mapema," bibi akajibu.

Ijumaa nilimruhusu bibi anipake mafuta miguuni tu. Moto ulitoa moshi, kweli. Niliurusha juu, nikaudaka. Bibi aliinuka kwenye mkeka akacheza hukohuko nyuma, mbali na moto, kama nilivyomwomba. Kisha nilizima tambi, nikanawa mikono, nikaenda kula naye.

Sieni