Haragwe Moja Jeupe

Montevarno,
2 Desemba 1478.

Mpendwa kaka Lapo,

Pokea salamu za dada yako Tessa. Kifua chako kimepona? Nasikia upepo wa Ragusa unapenya hadi mifupani, basi vaa ile fulana ya sufu niliyokufumia, usijifanye kijana. Sisi miili yetu haijambo. Moyo ndio hauna nafuu.

Kaka, keti kwanza. Baba ametutoka. Tulimzika juzi, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ubavuni mwa Mama. Nimelia hata macho yamevimba.

Hakuugua sana. Kilichommaliza ni shule. Unajua alivyoipenda ile sarufi ya Kilatini aliyoinakili kwa mkono wake kule Ferrara, kwa mwalimu wake Aldighiero: kurasa thelathini tu, halafu mtoto anaanza kusoma barua na visa vya watu wa kale, bila fimbo. Miaka ishirini na miwili watoto wa hapa walijifunza kwake hivyo huku wakicheka. Kicheko hicho ndicho kilichowaudhi wazee wa baraza. Walisema Kilatini kisichomliza mtoto si Kilatini.

Basi siku ya Mtakatifu Luka, baada ya Misa, wakapiga kura kwa maharagwe kama Baba aendelee kufundisha. Homa ilikuwa imewalaza wajumbe wengi, kwa hiyo shemeji yako Duccio akaitwa kuketi barazani kwa mara ya kwanza, ingawa ni mgeni aliyeoa hapa. Nilifurahi mno, nikampigia brashi joho lake mimi mwenyewe.

Yalitoka maharagwe meusi tisa, meupe kumi. Baba akakosa shule kwa haragwe moja.

Nilipokuandikia matokeo hayo, ulijibu ukiapa kwamba yeyote aliyetia jeupe hutakula naye meza moja hadi ufe. Kaka, mmoja wao ni Duccio.

Si kwa ubaya. Kwao, ng'ambo ya milima, jeupe ni ndiyo na jeusi ni hapana. Kwetu ni kinyume, na sisi tuliozaliwa hapa hata hatukumbuki kumwambia mgeni. Aling'amua kosa lake karani alipokuwa akihesabu, akaona haya kusimama mbele ya wale wazee. Alirudi nyumbani, akaniambia kila kitu, akataka kurudi barazani kusema. Mimi ndiye niliyemzuia. Niliogopa mji mzima utamcheka. Nikamwambia mwakani watapiga kura tena, watamrudisha Baba tu. Lo, mwakani!

Mwalimu mpya amerudisha zile kanuni ndefu za kukariri, na fimbo. Kila asubuhi Baba aliketi dirishani akisikiliza vilio kutoka shuleni, akiwataja watoto mmoja mmoja: huyo Vieri, huyo Ghino. Mwishowe akakataa hata mkate uliolowekwa kwenye mchuzi.

Siku mbili kabla ya kufa alimwita Duccio, akampa kile kitabu cha sarufi.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Walionitetea walikuwa tisa, na najua haragwe lako lilikuwa jeusi."

Duccio alifungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga. Ndivyo Baba alivyokufa, akimshukuru.

Tangu siku hiyo mume wangu hawezi kukigusa kitabu hicho. Amesema kije kwako pamoja na ukweli, na mchuuzi wa sufu anayekuletea barua hii anacho mzigoni. Ukitaka kutulaani, anza na mimi. Ila nakusihi, usikifungie sandukuni. Tafuta hata mtoto mmoja huko umfundishe nacho, acheke.

Nisalimie wifi Maruša na watoto wote. Shangazi Piera anakusalimu, hajui lolote. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Duccio amekaa hapa kando yangu. Nimemuuliza kama nikuandikie salamu zake, akatikisa kichwa kukataa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponijibu,

Tessa